Mlango wa Kumi na Tisa

Jumanne, 5 Mei

Shangazi,

Salamu zako nimeziweka chini ya barua. Nikianza nazo nitamaliza karatasi nzima nikikuuliza habari za afya, halafu sitafika ninakokwenda. Jambo lenyewe sijamwambia mtu yeyote, wala sijawahi kulitamka kwa sauti hata nikiwa peke yangu. Nimeghushi saini za watu kumi na tisa. Moja ni yako.

Mimi ni binti wa marehemu kaka yako, yule uliyekuwa ukimwita Kivuli kwa sababu nilisimama nyuma yako kila ulipohutubia ngazini. Sasa nimemaliza shule. Nakuandikia nikiwa bafuni na mlango nimeuzuia kwa ndoo, maana kile kitasa hakijatengenezwa tangu uondoke.

Majengo yetu yote manne yanauzwa. Manispaa imepata kampuni inayotaka kubomoa na kujenga maduka. Sheria inasema theluthi mbili ya nyumba zikipinga kwa saini, mauzo yanasimama mpaka baraza liwasikilize wapangaji. Nyumba ni tisini na sita, kwa hiyo tulihitaji saini sitini na nne. Mama ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji siku hizi. Najua cheo hicho kilikuwa chako, na sikitaji ili nikuumize.

Mama aliweka sharti moja, na unajua aliliweka kwa ajili ya nani: hakuna mtu kumsainia mtu. Kila saini ichukuliwe mlangoni, mpangaji asomewe waraka wa pingamizi mpaka mwisho, ndipo apewe kalamu. Mimi nilipewa jengo letu la tatu, lenye nyumba ishirini na nne, kwa sababu sina kazi na nina mwandiko mzuri.

Shangazi, mimi siwezi kugonga milango. Nilifanya mazoezi kwenye kabati, na kabati nililigonga vizuri sana. Lakini siku ya kwanza nilianza na dereva wa teksi wa ghorofa ya chini. Alifungua akiwa na mswaki mdomoni, akanitazama, akauliza kama mama ameishiwa watu hadi anatuma bubu. Kisha akafunga. Nilisimama pale nikihesabu misumari ya mlango wake. Nikapanda juu ya paa, nikakaa nyuma ya matangi ya maji.

Nilikaa huko mchana wa siku tatu. Majina niliyanakili kutoka kwenye ubao wa ofisi ya nyumba. Nilitumia kalamu tatu tofauti, nyingine kwa mkono wa kushoto. Watu wanne tu ndio waliosaini wenyewe, kwa sababu walinikuta ngazini wakaniomba karatasi. Mwisho zilibaki nyumba mbili: ya mlinzi wa ofisi ya nyumba, ambaye nilimwogopa hata kumghushi, na yetu, hamsini na nane, ambayo kwenye vitabu bado ni yako. Mama alishasema hamsini na nane haitasaini, kwamba hatumwombi msaliti. Samahani, nimeandika alivyosema. Mimi nilijiambia angalau hii moja ni ya nyumbani, nikaiandika.

Kwenye mkutano nilipotaja ishirini na tatu, watu walipiga makofi. Mama alidhani iliyokosekana ni yetu. Alicheka akasema mwanangu amempata hata mlinzi. Hawasalimiani, kwa hiyo hakumuuliza. Wajumbe wengine walikaguliwa karatasi zao mstari kwa mstari. Za kwangu alizitia kwenye bahasha bila kuzifungua. Kesho yake alikwenda kwa wakili akaapa kwamba saini zote sitini na sita zilichukuliwa mlangoni.

Sasa manispaa imeleta barua. Tarehe 20 Juni afisa atakaa ukumbini na karatasi zetu. Kila mpangaji aje na kitabu chake cha pango, aoneshwe mstari wake, aulizwe kama ni wake. Ukiondoa zangu kumi na tisa zinabaki arobaini na saba. Na zikigundulika, atakayeshtakiwa kwa kiapo cha uongo ni mama.

Nikimwambia, namjua: atachukua kipaza sauti, atasimama ngazini na kuuondoa waraka mwenyewe mbele ya watu wote. Majengo yatauzwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nimekuchagua wewe. Duniani hapa ndiwe mtu pekee ambaye nina hakika hatazungumza na mama.

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Je, mashine za kufulia za hospitali bado zinakupigia kelele mpaka unasikia mluzi ukilala? Sisi tu wazima.

Binti wa kaka yako,
Kivuli


Alhamisi, 14 Mei

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mgongo wangu ulikuwepo miaka mitano yote hii na hakuna aliyeuliza, kwa hiyo tuuache.

Barua yako ilinifikia kazini. Niliisomea nyuma ya mashine, nimekalia rundo la mashuka ya wodi ya upasuaji, na msaidizi wangu akadhani nimefiwa. Nilimwambia bado. Miaka mitano nimengoja mtu wa nyumba ile aniandikie, hata kunitukana tu. Leo nimeandikiwa nijulishwe kwamba mmeiba mkono wangu. Nyumba mnalala ya kwangu, kitabu cha pango kiko kabatini kwangu, ila kuniomba kalamu hapana, kwa sababu mimi ni msaliti. Kunighushi ndiyo sawa.

Nilifikiria kuitia barua yako kwenye bahasha na kuipeleka manispaa. Nilifikiria siku mbili. Usidhani nimeacha kwa huruma.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma kapu zima, umelipeleka nyumbani, mama yako ameliapia bila kufunua. Huko kutofunua ndiko kumenishangaza kuliko wizi wako. Yule mwanamke alinikagua mimi hadi mifuko.

Sasa sikiliza, maana sitarudia. Una wiki tano. Utagonga milango uliyoikimbia. Si siku tatu juu ya paa. Mlango mmoja mmoja. Utasema: nilikusainia bila ruhusa yako, nilikosa. Utamsomea waraka kama ulivyotakiwa kumsomea mwanzo. Halafu utamuuliza anataka majengo yauzwe au yasiuzwe. Akisema yasiuzwe, mwombe aje siku ile aukubali ule mstari. Akikataa, mshukuru uondoke. Usilie. Mtu akilia mlangoni kwangu namfungia. Waraka uujue kwa kichwa. Ukiinamia karatasi watamwona mtoto wa shule.

Anza na huyo dereva. Ameshakutukana, hana jipya.

Kuhusu mstari wangu, nitautazama kama wengine watakavyoutazama wao. Usiweke matumaini huko.

Shangazi yako


Jumatano, 27 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kwamba rundo la mashuka limepungua. Mimi sijambo, ila vifundo vya mkono wa kulia vimevimba. Sijui kama ni kugonga au ni woga.

Nilianza na dereva kama ulivyosema. Ulikosea, alikuwa na mapya. Alisema hata mwizi wa kuku huvizia usiku kwa aibu, mimi nimemwibia mchana kwa kalamu. Mkewe alitoka jikoni kusikiliza, na majirani wa mbele wakafungua mlango wao kidogo. Nilimaliza kusema. Nilisoma waraka wote kwa kichwa huku yeye akikata kucha. Mwisho alisema anaichukia kamati, anamchukia mama, ananichukia na mimi, lakini kampuni anaichukia zaidi kwa sababu itamwondolea mahali pa kulaza gari. Atakuja. Alinipa masharti nisimsalimie tena ngazini.

Fundi saa wa ghorofa ya pili alinifanya nisome waraka mara tatu. Nadhani hakuwa anasikia, alikuwa anataka mtu wa kukaa naye. Naye atakuja. Mama Pacha alinimwagia maji. Si kwa makusudi; alikuwa na beseni mkononi, na nilipomwambia nilichofanya mikono yake ikalegea. Halafu alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kisha akaniambia nipige deki. Nilipiga deki ukumbi wake wote nikiwa nasoma waraka kwa sauti, na watoto wake wawili wakirudia nyuma yangu kama wako darasani. Atakuja, ila amesema anakuja kwa ajili ya mama, nisije nikadhani ni kwa ajili yangu.

Siku hizi nikipita ngazini watu wananyamaza. Wananiita Mwenye Kalamu. Mtu amechora kalamu kwa mkaa kwenye mlango wetu, mama akadhani ni vibaraka wa kampuni, akaifuta akiwatukana. Nilimshikia kopo la sabuni. Nawaomba wote wasimwambie, na sijui kwa nini mpaka leo hawajamwambia. Dereva alisema hamwambii kwa sababu anataka kuona nikijinyonga kwa kamba yangu mwenyewe.

Aliyenishinda ni mwalimu mstaafu wa sitini na sita. Yule aliyekuwa akitufundisha hesabu bure. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Nilijua atakubali, maana vipeperushi vyetu vyote amevibandika ukutani. Akasema, "Ungegonga ule mwezi wa nne ningesaini kwa mikono miwili. Sasa unaniomba niseme nilifanya jambo ambalo sikulifanya." Nilimwambia bila yeye huenda tukakosa. Akasema anajua. Siku hiyo atakwenda kwa mwanawe, ili asiulizwe. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika bega. Afadhali angenifukuza.

Mpaka leo nimegonga milango kumi na mitano. Kumi na watatu wamekubali. Kuna mmoja, wa sabini, ameshahama mji na hakuna anayejua aliko. Niligonga nyumba tupu; huyo nimempoteza tu. Wamebaki watatu, na wewe. Tunahitaji kumi na saba.

Mwanao,
Kivuli


Alhamisi, 4 Juni

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Sijambo. Vifundo vitie kwenye maji ya chumvi.

Umegonga, nimeona. Sikupongezi, maana mtu hapongezwi kwa kurudisha alichoiba, lakini nimeona.

Hesabu ninaifahamu hata mimi niliyefundishwa na mashine za kufulia. Hao watatu wakikubali wote mnakuwa na kumi na sita, na wa kumi na saba ni mimi. Kwa hiyo nikujibu sasa ili usiendelee kujidanganya. Sitakuja.

Mama yako hajawahi kukusimulia vizuri, kwa hiyo nitakusimulia. Manispaa ilitukatia maji wiki tatu. Watoto walianza kuharisha, wewe ukiwa mmoja wao. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati mara mbili. Wakaniita ofisini peke yangu. Wakasema uwanja wa kuanikia nguo tuwaachie waufanye maegesho, maji yatarudi kabla jua halijazama. Kuitisha mkutano kungechukua siku nne. Nilisaini kwa niaba ya nyumba tisini na sita, na jioni mabomba yakatema. Kila mtu alikinga ndoo.

Kesho yake mama yako alisimama ngazini, mbele ya watu hao hao wenye ndoo zilizojaa, akaniuliza, "Nani alikukopesha mkono wangu?" Wakapiga makofi. Mke wa kaka yangu, ambaye nilimpokea na mtoto wake nyumbani kwangu kaka alipokufa. Akasema jina langu lisitajwe tena katika jengo lile. Niliondoka na begi moja. Ningeweza kuwatoa kwenye nyumba kwa barua ya mistari miwili. Sikuiandika. Hajawahi kusema hata ahsante.

Akitaka mkono wangu, aje auombe. Aniandikie yeye, kwa mwandiko wake, na atie jina langu juu. Mistari mitatu inatosha. Nikiipata nitapanda basi. Nisipoipata, tarehe 20 nina zamu ya mashuka.

Shangazi yako


Jumatatu, 8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi leo nina hasira, na sijawahi kumwandikia mkubwa nikiwa na hasira, kwa hiyo kama nitavuka mpaka unisamehe ukimaliza kusoma, usinisamehe katikati.

Unajua kabisa siwezi kumwomba mama aandike. Ili aombe lazima nimweleze kwamba mstari wako upo, na akijua upo atauondoa waraka. Umeweka sharti ambalo halina mlango. Manispaa hufanya hivyo hivyo. Wakitaka kutunyima kitu hawasemi hapana, wanatutuma tukalete karatasi ambayo ofisi yao haitoi.

Umenisimulia habari ya maji na nimeiamini. Lakini na mimi nimesimuliwa. Siku nilipopiga deki kwa Mama Pacha aliniambia alikuwa akifua nguo za watu na kuzianika kwenye uwanja ule. Siku uliyosaini alipoteza kazi. Ndoo yake ilikuwa imejaa, ndiyo, na hakuwa tena na nguo za kufua kwa maji hayo. Alisema kama ungegonga mlango wake usiku ule ule na kumuuliza, huenda angekubali. Hukumgongea. Mimi sikugonga kwa sababu ya woga. Wewe hukuwa mwoga, wewe uliona unajua jibu lao. Sioni tofauti kubwa kwa aliyesimama nyuma ya mlango.

Mama naye ana kosa. Alikufukuza nyumbani kwako. Nimeishi katika nyumba ambamo jina la mtu aliyenibeba mgongoni haliruhusiwi kutamkwa, na nikazoea. Hilo ni baya na nitalibeba. Lakini yeye na wewe mnagombana kuhusu nani aombe, na tarehe 20 watu wa nyumba tisini na sita wataambiwa wafungashe.

Umeniambia nigonge kila mlango, niseme kosa langu, nisome waraka mpaka mwisho, niulize, na nikikataliwa nishukuru. Nimegonga yote iliyobaki. Wale watatu wamekubali jana na juzi. Mmoja alinirushia kandambili kwanza. Wewe ni mlango wa kumi na tisa. Siwezi kusafiri mpaka huko, kwa hiyo nagonga hapa.

Nilikusainia bila ruhusa yako. Nilikosa.

Waraka unasema hivi: Sisi wapangaji wa majengo manne tunapinga mauzo ya nyumba tunazoishi. Nyumba hizi zilijengwa kwa kodi zetu na za wazazi wetu. Tumezitunza, tumeziba mabomba yake, tumepaka rangi kuta zake, tumezalia na tumefia ndani yake. Hatukuulizwa. Tunataka baraza litusikilize, kila mmoja kwa mdomo wake, kabla ya uamuzi wowote. Mtu asiseme kwa niaba yetu bila kutuuliza kwanza.

Huo ndio waraka wote. Shangazi, unataka yauzwe au yasiuzwe?

Ahsante kwa kunisikiliza.

Kivuli


Jumanne, 23 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na zamu yako hukunyang'anywa. Hukunijibu barua ya tarehe nane, na siku kumi na mbili nilikuwa nikishuka kila asubuhi kutazama sanduku la barua mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepata mchumba. Basi nilipokuona Jumamosi mlangoni mwa ukumbi, na ile sare ya bluu ya hospitali, nilidhani macho yananidanganya.

Ulikuwepo mwenyewe, lakini ulikuja mwisho na ukaondoka haraka, na uliyempa mgongo ni mtu ambaye nataka kukusimulia habari zake. Kwa hiyo vumilia.

Afisa alianza saa tatu. Mama alikaa mkono wake wa kushoto, maana kila mtu akisema "ni yangu," mwenyekiti alitakiwa kutia saini yake pembeni kuthibitisha. Nadhani hilo hukulijua. Nami sikulijua mpaka siku ile. Afisa alikuwa mtu wa kejeli. Alimuuliza fundi saa kama ana hakika mkono ule ni wake au ni wa mjukuu. Fundi saa akamwambia yeye hutengeneza saa ndogo kuliko ukucha, hawezi kukosa kuujua mkono wake. Dereva alifika, akatazama mstari wake, akanitafuta kwa macho ukumbi mzima. Alichukua muda mrefu makusudi. Kisha akasema ni yangu, mbaya lakini yangu. Watu wakacheka, mama akacheka, akasaini. Mama Pacha alisema yake kabla hajaulizwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nahesabu kwa vidole chini ya kanga.

Zilifika sitini na tatu. Mwalimu hakuja, kama alivyosema. Afisa akatazama saa yake, akauliza kama kuna mwingine, na mama akawa anapitisha macho kwa watu akitafuta nani amekosekana. Hakuwa na hofu. Alikuwa akijua ziko sitini na sita, na alidhani watu wamechelewa tu. Afisa alishaanza kufunga jalada ulipoingia.

Ulipopita katikati ya viti watu walivuta miguu yao kukupisha. Mama alisimama nusu. Akakuuliza umefuata nini, nawe ukasema, "Saini yangu. Sikuja kwako." Ukaweka kitabu cha pango mezani. Afisa akasoma namba, hamsini na nane. Hapo mama akafungua mdomo, akasema "Hiyo," na hakuendelea, maana kidole cha afisa kilishafika kwenye mstari.

Aliuliza ni yako, ukajibu ni yako. Aliuliza kama ulisomewa waraka. Ukasema ulisomewa mpaka mwisho. Kisha ukachukua kitabu chako, ukageuka, ukaondoka. Hukunitazama. Nilitaka kukukimbilia, lakini nilikuwa namtazama mama.

Sasa hiki ndicho hukukiona.

Afisa alisogeza karatasi mbele yake, akamwambia mwenyekiti athibitishe. Mama aliitazama. Shangazi, mama alijua. Asingeweza kukosa kujua: miaka mitano hujakanyaga jengo lile, saini ina tarehe ya mwezi wa nne, na mwandiko wa jina pembeni ni wangu, aliounoa yeye mwenyewe kwa kunishika mkono nilipokuwa darasa la kwanza. Nikaona macho yake yakiacha mstari wako yakapanda kwenye mstari wa juu yake, na wa juu yake tena. Alikuwa anausoma ukurasa mzima. Ukurasa ambao hakuufungua kwa sababu ulikuwa wa mwanawe. Nadhani alizihesabu zote.

Nilingoja asimame. Nilishajiandaa, nilishakusanya maneno ya kusema ni mimi. Afisa akamuuliza kama kuna tatizo.

Akasema, "Hakuna." Akasaini.

 Alipoirudisha kalamu mezani aliiweka polepole mno, kama kitu cha mtu mwingine.

Afisa akatangaza sitini na nne. Mauzo yamesimama mpaka baraza likae mwezi wa tisa. Watu walibebana. Mtu akampa mama kipaza sauti, akapanda kwenye kiti, akasema kila saini ilichukuliwa mlangoni, hakuna aliyemsemea mwenzake, na ndiyo sababu tumewashinda. Wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Dereva alipiga makofi akinitazama. Mimi nilipiga pia. Nilikuwa naisikiliza sauti ya mama, na ilikuwa ya kawaida kabisa. Hilo ndilo lililonitisha.

Nyumbani alikaa kitandani bila kuvua viatu. Nilimletea maji. Akaniuliza nilikuwa nimekaa wapi ukumbini. Nikamwambia nyuma, karibu na mlango.

"Basi hukuona vizuri," akasema.

"Sikuona, mama."

Akanywa maji. Akasema wiki ijayo tunaanza kuwatayarisha watu kusema mbele ya baraza, kila mmoja kwa mdomo wake, na kwamba atagonga milango ya jengo la tatu yeye mwenyewe. Tangu hapo ananisemesha mambo ya kazi tu. Jana nilimkuta amekaa kwenye ngazi peke yake, mahali mlipokuwa mkihutubia, na hakuwa na karatasi wala kipaza sauti. Nilipita. Hakuinua kichwa.

Najua utasema niende nikamwambie. Nimefikiria siku tatu. Alichofanya Jumamosi ni kile kimoja alichoapa hatafanya maisha yake yote, kile alichokufukuzia wewe. Alikifanya kwa ajili ya watu wa nyumba zile, au kwa ajili yangu, sijui, na sidhani kama yeye anajua. Akifahamu kwamba nilikuwa nikimtazama, hatakuwa na mahali pa kukiweka.

Huenda siku moja mtaandikiana. Huenda mtakutana na kutukanana mpaka mchoke, halafu mkae. Nawaombea hivyo. Mkifika huko mwambie chochote unachotaka kuhusu mimi, kuhusu paa, kalamu tatu, dereva, zote kumi na tisa. Hayo nitayajibu mwenyewe. Lakini hili la kwamba nilimwona akiusoma ule ukurasa, na kwamba najua alijua, usimwambie, shangazi. Mimi na wewe tu. Hata akiwa mzee, hata akikuuliza.

Mwanao,
Kivuli